Moto kwa Rohit

Donatus Kulwa alikuwa mtuhumiwa wa kwanza ambaye Inspekta Coletha alimwona akikifurahia kiti cha chumba cha mahojiano. Alikaa kama mtu aliyekwenda kunyolewa, miguu mbele, kichwa nyuma, macho darini. Nje ya uzio wa kituo wafuasi wake walikuwa wakiimba tangu asubuhi, na wimbo wenyewe ulikuwa na mstari mmoja tu: Mtaa kwa wenye mtaa.

"Sikiliza tena," Coletha alisema, akaweka simu mezani.

Sauti ya Donatus ikajaa chumbani, ikiwa na haraka kidogo, kama ya mtu anayeongea huku anatembea. "Jamani, habari za jioni. Kesho jioni tunapiga moto kwa Rohit. Kila mwenye kitu chake akitoe mapema. Sitaki keshokutwa mtu aje kunililia."

Ujumbe huo ulitumwa Jumatatu kwenye Jineri Yetu, kundi la WhatsApp la kampeni ya Donatus, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa Mtaa wa Jineri, Shinyanga mjini. Baada ya dakika chache aliufuta, lakini mtu alikuwa amekwisha kuuhifadhi. Jumanne, jua lilipozama, duka la vitambaa la Rohit likaungua. Mama yake Rohit, Gangaben, alikuwa ndani. Sasa alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi viwikoni.

"Hiyo ni sauti yako?"

"Ni nzuri, sivyo?"

"Kwa nini uliufuta?"

"Simu ni yangu."

"Moto gani ulikuwa unauzungumzia?"

Donatus alishusha macho kutoka darini, akamtazama Coletha kwa upole wa kuudhi. "Inspekta, mimi ni mgombea. Uchaguzi ni Jumatano ijayo. Wiki tatu nimezunguka na kipaza sauti mpaka koo limekauka, na watu walikuwa wanakuja mia, mia na hamsini. Wasikilize hao wa nje. Kila saa ninayokaa humu ni kura. Endelea kuniweka, dada yangu, nitakushukuru kwenye hotuba."

Coletha alikuwa amezisikiliza hotuba zake zote, maana kijana mmoja wa kituo alikuwa na kazi ya kuzirekodi. Katika kila moja Donatus alipanda juu ya kreti la soda na kuanza na methali ileile. Babu zetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nasema, siku ya tatu mpe njia. Watu walicheka. Mkutano wa pili walicheka zaidi. Mkutano wa tano hawakucheka tena, walipiga makofi, na kesho yake milango ya maduka matatu ya Wahindi ikakutwa imechorwa mshale mwekundu unaoelekea stendi.

"Mama mwenye umri wa kukuzaa ameungua mikono," Coletha alisema.

Donatus alikuna goti. Kisha akasema, "Nampa pole," akarudisha macho darini.

Kwenye ukumbi, Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, Afande George, alikuwa akimsubiri na kikombe cha chai mkononi.

"Una sauti, una tishio, una moto," alisema. "Unataka nini tena, picha ya harusi yao?"

"Nataka kujua moto uliingilia wapi, afande."

"Uliingilia mdomoni mwake. Coletha, mtu huyu akipewa mtaa mmoja leo, kesho ataomba kata. Mfungulie shtaka, jina lake litoke kwenye karatasi za kura, mji upumue."

Coletha alitaka hivyohivyo. Alitaka sana, na ndiyo sababu aliomba muda.

"Mpaka Jumamosi," Afande George alisema. "Halafu ama mahakamani, ama nyumbani."

*

Ubao wa duka ulikuwa bado unaning'inia: VELJI NA WANAWE, herufi mbili za mwisho zimeliwa na moshi. Rohit, mwanamume wa makamo mwenye shati lililopigwa masizi, alikuwa akitenganisha majora yaliyonusurika na yaliyoungua. Alikuwa akiyapanga kwenye magunia.

"Mnahama?" Coletha aliuliza.

"Lori linakuja Jumamosi. Mwanza kuna ndugu." Alifunga gunia, akalikalia. "Mama ameuliza swali moja tu tangu alipozinduka. Rohit, ni mtaa ulionichoma? Kama ni mtaa, anasema, hawezi kununua tena nyanya hapa, hajui anayemuuzia anawaza nini. Kama ni kitu kingine, atakaa. Sasa wewe niambie nimjibu nini."

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Babu yangu Velji alibeba pamba mgongoni kwenye jineri, kile kiwanda cha pamba kilichoupa mtaa huu jina. Siku ya tatu yetu imeanza lini?"

Coletha aliingia ndani kutafuta jibu ambalo angeweza kulipata. Koplo Edson alikuwa tayari amepiga magoti kwenye majivu. Kufuli la mlango lilikuwa zima, na halikuwa na alama ya nondo wala nyundo. Dirisha lilikuwa na wavu, na wavu haukuguswa. Edson alikuwa amenusa kila pembe kama paka na hakupata harufu ya petroli. Taa ndogo ya sala ya Gangaben ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, mafuta yake yamejaa, ukuta nyuma yake mweupe. Nyaya za umeme zilikuwa zimeyeyuka juu tu, kwa joto lililopanda.

"Moto umeanzia hapa," Edson alisema, akionyesha pembe ya kushoto ya mlango, palipokuwa na rafu ya khanga. Pale sakafu yenyewe ilikuwa imepasuka. "Na umeanzia ndani, afande. Aliyeuwasha alikuwa na ufunguo au ni mzimu."

Alichokoa majivu kwa kijiti, akainua kitu kizito, cheusi. "Pasi ya mkaa. Ile yenye jogoo kwenye kifuniko."

"Ya fundi Silvesta," Rohit alisema kutoka mlangoni. "Anashonea hapo barazani tangu baba yangu yuko hai. Jioni analaza vitu vyake humu. Mashine, pasi, kiti. Asubuhi anavitoa."

Coletha aliandika: pasi, ya fundi, mahali pake pa kawaida. Akaendelea na ukuta.

Fundi mwenyewe hakuwa mbali. Alikuwa amehamia baraza ya jirani, akikanyaga cherehani yake nyeusi yenye maua ya dhahabu, sare ya shule ya buluu ikipita chini ya sindano. Alikuwa mzee kidogo kuliko Rohit, mwembamba, mkono wa kushoto umezungushiwa kitambaa, na baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Mwadila, fundi," Coletha alisalimia kwa Kisukuma chake cha kuokoteza. Kwao Ushirombo walizungumza Kisumbwa.

"Mwadila, mayu." Silvesta alimwita mama, lakini hakuacha kukanyaga.

"Umerudi kazini mapema."

"Shule hazingoji moto upoe."

"Mkono umefanyaje?"

"Sindano, afande."

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekwenda nyumbani mapema."

"Na wewe uko kwenye kundi la Jineri Yetu?"

"Mtaa mzima umo. Walituingiza namba zetu kama wanavyoingiza mbuzi zizini, hakuna aliyeulizwa." Alikata uzi kwa meno. "Afande, Mama Rohit anaendeleaje?"

"Anaongea. Nenda ukamwone."

"Nitakwenda," Silvesta alisema, na macho yake yakabaki kwenye sindano.

*

Simu ya Donatus ndiyo iliyowapeleka machimboni. Jumanne ile, tangu mchana hadi usiku, alikuwa amempigia mtu mmoja mara nyingi kuliko wote: Frank, msimamizi wake wa maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, huko ndani kupita Buseresere. Kama Donatus alimtuma mtu, Coletha aliwaza, basi mtu mwenyewe ni huyu. Ijumaa alfajiri wakashika njia ya Kahama. Walipita Ushirombo, karibu kabisa na nyumbani kwa mama yake, na Coletha hakusimama hata kwa maji.

Machimbo yalikuwa kilima kilichotobolewa kama chujio. Karasha zilisaga mawe kwa kelele ya kung'oa meno. Magogo ya matimba, yale ya kuzuia kuta za mashimo zisibomoke, yalirundikwa kila mahali, na juu ya kila duara kulikuwa na paa la turubai. Frank alikuwa kijana mrefu mwenye tope hadi kifuani. Aliposikia ni polisi kutoka Shinyanga aliwaletea ndoo mbili wakalie, akabaki amesimama.

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, mkuu. Wachimbaji wote ni mashahidi."

"Donatus alikupigia simu mchana kutwa. Alitaka nini?"

"Aliuliza kama tayari tumepiga moto."

Edson aliinuka kwenye ndoo. Coletha alimzuia kwa kidole.

"Moto wapi?"

"Kwa Rohit," Frank alisema, kama mtu anayetaja saa.

"Nani alipiga?"

"Mimi nilikuwepo, lakini aliyepiga ni fundi wetu wa baruti, ana kibali. Ila ulikataa, mkuu. Nusu uliwaka, nusu ukagoma. Ndiyo maana leo..."

Filimbi ilikata maneno yake. Mtu mwenye fulana nyekundu alikuwa amesimama juu ya rundo la kifusi, mikono kinywani, akipaza sauti bonde zima lisikie.

"Moto kwa Rohiiit! Toka, toka! Kila mwenye kitu chake akitoe!"

Watu wakaanza kuchomoka ardhini. Huyu na nyundo, yule na patasi na kamba, wawili wanaburuta pampu, mmoja amekumbatia redio na sufuria ya wali. Edson alikuwa ameshika pingu bila kujua amfunge nani. Frank aliwavuta wote wawili nyuma ya lundo la viroba, akawasukuma vichwa chini, na kilima kikaruka. Sauti ilikuja baadaye, nzito, ikitokea tumboni mwa ardhi. Turubai la duara moja likapaa na kutua taratibu. Vumbi likafuata.

"Safari hii umekubali," Frank alisema, akijipangusa.

Coletha alitema mchanga. "Nini hicho?"

"Moto, mkuu. Kupiga moto ni kulipua mwamba. Kabla ya kulipua unatangaza, kila mtu atoe vifaa vyake, maana wakisahau nyundo chini wanakuja kumlilia bosi."

"Na Rohit?"

Frank alicheka, kisha akakumbuka anaongea na nani. "Kila duara lina jina. Lile ni Kwa Mchungaji, ukiingia lazima usali. Lile pale Kwa Mama Mkwe, huingii bila hodi. Hili ni Kwa Rohit. Tangu mwaka juzi tunalibembeleza, halijatoa hata punje. Kama dukani kwake, uombe uchoke, bei haishuki. Mwenyewe anajua. Ndiye aliyetuuzia hilo turubai. Alisema, mkipata dhahabu nileteeni, si duara langu?"

"Ujumbe wa Donatus ulikuwa wa huku."

"Wa huku, na hatukuupata. Bosi ana makundi mengi sasa, siasa huku, mawe kule. Akatuma kusikohusika. Akafuta. Kesho yake akaanza kunipigia."

"Mbona hakutuambia?"

"Hilo, mkuu, mwulize mwenyewe. Sisi tulipoona kwenye mtandao kwamba amechoma duka, tulidhani mnamtania."

*

Walikuwa wamerudi hadi Ushirombo. Edson aliendesha akiwa ameukunja uso.

"Kwa hiyo hakuchoma," alisema hatimaye.

"Hakuchoma, na hakutuma mtu."

"Lakini alisema moto kwa Rohit, kesho jioni. Na kesho jioni kwa Rohit kukawaka. Afande, mimi nilisoma hesabu. Hiyo bahati mbaya ni kubwa mno."

Ilikuwa kubwa mno kweli. Coletha alihisi kama mtu aliyevuta kamba ya ndoo kisimani na kupata kamba tupu. Mtu aliyetaka awe na hatia hakuwa nayo, na duka lilikuwa limeungua vilevile. Akatoa simu, akaisikiliza ile sauti kwa mara ya ishirini. Kila mwenye kitu chake akitoe mapema.

Machimboni watu walikuwa wameyasikia maneno hayo, wakatoka na nyundo na sufuria. Je, kule Jineri, nani aliyasikia akatoa kitu chake?

"Edson, kule dukani ulikuta pasi."

"Ndiyo."

"Rohit alisema fundi analaza nini humo?"

"Mashine, pasi na kiti." Edson alipunguza mwendo. "Kiti nilikuta misumari yake."

"Na mashine tuliiona barazani kwa jirani, ina maua ya dhahabu, haina hata doa la moshi."

Gari lilikuwa karibu kusimama. Nyuma yao lori likapiga honi.

"Alijua," Edson alisema. "Akatoa mashine. Lakini kwa nini aache pasi? Mashine ni mzigo wa kuvunja mgongo, pasi unaibeba mkononi."

Coletha alikuwa akiwaza hilohilo, na jibu lilipomjia halikumfurahisha hata kidogo.

"Huwezi kubeba pasi kwenye baiskeli," alisema, "ikiwa bado ina mkaa wa moto."

*

Jumamosi asubuhi walimkuta Silvesta barazani kwa jirani, cherehani imefunikwa, yeye amekaa mikono magotini. Pengine alikuwa amewaona wakishuka kwenye gari. Coletha alivuta kiti, akakaa karibu naye kuliko afanyavyo polisi.

"Fundi, nionyeshe mkono."

Silvesta alifungua kitambaa. Haikuwa sindano. Ngozi ya kiganja ilikuwa imevimba na kuchubuka hadi kwenye vidole.

"Ulisikia ule ujumbe Jumatatu."

"Nilisikia."

"Ukaamini."

"Afande, wiki tatu mtu anasema wafukuzwe, mishale inachorwa milangoni, halafu anasema kesho moto. Wewe ungefikiri anaongelea nini, mishikaki?" Akaanza upya kwa sauti ya chini. "Jumanne alasiri nikafunga mashine kwenye baiskeli. Mama Rohit akaniuliza, fundi, unaihamisha wapi? Nikamwambia mkanda wa mashine umekatika, nampelekea mtu aufunge. Akaniambia niwahi kurudi, kuna blauzi yake haijaisha. Mkaa ulikuwa bado mwekundu. Kila siku naumwaga mtaroni kwanza. Siku hiyo naona kama watu wananitazama, nikaiweka pasi kwenye pembe yake, nikaondoka."

"Chini ya khanga."

"Chini ya khanga. Pale pake pa siku zote, lakini siku zote ni baridi."

Edson aliacha kuandika.

"Kwa nini hukumwambia?" Coletha aliuliza. "Neno moja tu."

"Wangeniona. Wangesema fundi ni wa Wahindi. Na mimi mshale ningechorewa wapi, mgongoni?" Alianza kukizungusha kile kitambaa tena na kukikosea. "Nilifika nyumbani, mke wangu akatenga chakula, kikanishinda. Nikasema acha nirudi nimwambie, iwe iwavyo. Nikakuta moshi unatoka chini ya mlango. Nikapita uani, nikamvuta Mama Rohit. Alikuwa anakumbatia majora, hataki kuyaacha. Hakuniona, macho yalijaa moshi. Halafu watu wakaja, wakaanza kusema, Donatus kachoma, Donatus kachoma. Nikaona afadhali." Aliinua uso. "Afande, mimi nimefanya kosa gani? Niambie jina lake."

Coletha alitafuta jina. Uzembe lilikuwepo kwenye sheria. Mengine hayakuwa na kifungu.

"Leo utakwenda Kolandoto," alisema. "Pamoja na mimi. Hilo jina tutalitafuta baadaye."

*

Kabla ya kwenda Kolandoto alipita kituoni. Donatus alikuwa katika kiti chake, miguu mbele.

"Frank anakusalimu," Coletha alisema. "Moto umekubali, ila hakuna hata punje."

Miguu ilirudi nyuma taratibu. Nje wimbo ulikuwa umefikia pale pa makofi.

"Umekwenda huko," Donatus alisema.

"Uko huru. Koplo atatoka getini kuwaeleza watu wako kwamba hukuchoma. Ulikuwa unatangaza mlipuko kwenye duara lako, ukakosea kundi."

"Usiseme hivyo."

"Ndio ukweli unaokutoa."

"Sema upelelezi unaendelea. Sema ushahidi haukutosha." Sasa aliinama mezani, na sauti ile nzuri ilikuwa inakwaruza. "Dada yangu, wale wanaimba kwa sababu wanadhani nimefanya. Ukiwaambia nilikuwa naongelea shimo bovu, watacheka. Mtaa mzima utacheka mpaka Jumatano."

Coletha alimtazama mtu huyu aliyekubali kulala mahabusu kwa kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa amejiandaa kumchukia kwa sababu moja, na sasa alilazimika kutafuta nyingine, na hii ya pili ilimchanganya zaidi.

"Fundi wa barazani alikuamini," alisema. "Ndiyo, alikuamini kabisa. Aliogopa, akakimbia na mashine, akaacha mkaa ndani. Hivyo ndivyo duka lilivyoungua."

Donatus alifungua mdomo. "Mimi sikumwambia aogope."

"Wiki tatu ulimwambia nini kingine?"

Coletha alisukuma mkanda na viatu vya Donatus juu ya meza. "Hotuba zako ziko kwenye jalada lingine, na lile halina mlipuko wa kukutetea. Sijui hakimu ataamua nini. Leo nenda nyumbani."

Edson alitangaza getini kwa sauti ya kawaida, bila kipaza sauti. Watu walimwomba arudie. Akarudia. Mtu wa nyuma aliuliza, "Kwa hiyo ni duara?" na mwingine akamjibu, "Tena lisilotoa kitu," na kicheko kikaanza hapo, kidogo, cha aibu. Wengine hawakucheka. Walikunja mabango, wakamtazama Edson kama mtu aliyewaibia. Donatus alipita katikati yao akitazama viatu vyake, na kundi moja likamfuata, likiimba bado.

*

Wodini Kolandoto, Gangaben aliegemea mito miwili, mikono yake, myeupe na mikubwa kwa bendeji, imelazwa juu ya shuka kama vitu vya mtu mwingine. Rohit alikuwa amesimama dirishani na simu mkononi. Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa.

"Shikamoo, mama," Coletha alisema.

"Marahaba. Umeniletea jibu?"

"Nimekuletea mtu. Jibu lenyewe sijui niliite nini, mama. Si mtaa, na si kwamba mtaa haumo."

Silvesta aliingia na kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda. Alisema kila kitu kwa pumzi moja, kama mtoto anayekariri sala, tangu ujumbe hadi moshi, na alipofika kwenye pasi akamalizia kwa kunong'ona.

Gangaben aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama fundi.

"Nilikwambia mara ngapi kuhusu ile pasi," alisema. "Nunua ya umeme, nilikwambia. Waya upo, soketi ipo."

"Ulisema, Mama Rohit."

"Ni wewe uliyenivuta?"

"Ni mimi."

"Uliniumiza bega."

"Nisamehe."

"Bega si kitu." Uso wake ulianza kutetemeka, na hakuwa na mkono wa kuuficha. "Umenishonea blauzi ya arusi ya mwanangu. Umekunywa chai yangu. Ukajua nitachomwa, ukafunga mashine, ukaniambia mkanda umekatika. Moto ningeusamehe leo hii. Mkanda je, Silvesta?"

Silvesta aliangalia sakafu. Coletha alijikuta naye anaiangalia.

Simu ya Rohit iliita. Alisikiliza, akaiziba kwa kiganja. "Mama, ni dereva. Anauliza waondoke?"

Kutoka barabarani ilisikika bodaboda ikipita na bendera ya kampeni, haikujulikana ya nani.

"Mwambie asubiri," Gangaben alisema.

"Asubiri mpaka lini?"

"Asubiri." Alisogeza kidevu kuelekea kiti kilichokuwa ukutani. "Na wewe, fundi, vuta kiti. Umesema haraka haraka kama mtu wa mnadani. Anza tena, polepole. Anzia pale pa mkanda."

Silvesta alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa ukingoni, akaanza.